Goma: Fishie imefika, lakini mashini inakataa kuifungua. Kosa ni la nani?

Tangu mwisho wa Januari 2025, karatasi haitembei tena Goma kama zamani. AFC/M23 iliingia mjini tarehe 27 ya mwezi ule, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na ofisi za mkoa zikahamia Beni. Bukavu ikafuata katikati ya mwezi wa pili. Lakini wakaaji walibaki, na haja ya karatasi ilibaki pamoja nao. Mwanafunzi anangoja kozi za profesere ambaye yuko Kinshasa. Fundi mwashi anataka kushindania soko la kujenga vyoo ambalo ONG imetangaza. Mama aliyekuwa na kazi mwaka uliopita anatafuta ingine. Bahasha ambayo zamani ilipanda ndege ao kubebwa na mtu, leo inapita kwa e-mail na WhatsApp.

Na mara nyingi inafika ikiwa imefungwa. Ni fishie moja tu, yenye jina refu, na mwisho wake kuna herufi ambazo wengi hawazijui: .rar, .7z, .tar.gz, .zipx. Unabonyeza mara mbili, mashini inakuuliza utumie programu gani kwa kuifungua, na haikupi jibu lolote. Ukipita kwenye masiberi na mabirotike ya Birere, Katindo, ao karibu na mainiversite, utaona ile picha nyeupe isiyo na alama kwenye skrini, na mtu ameketi mbele yake akiangalia saa, juu dakika za siberi zinalipwa.

Watu wengi wanafanya moja kati ya mambo matatu. Kuna wenye kumlipa kijana wa siberi ili awafungulie. Kuna wenye kuandika jina la ile herufi kwenye Google na kuchukua programu ya kwanza inayotokea. Na kuna wenye kuacha, wakisema fishie imeharibika. Hawa wa mwisho ndio wanapoteza zaidi, maana tarehe ya mwisho ya kuweka dosie haingojei mtu.

Tumezoea kusema: watu wetu hawajui mashini. Ni kweli nusu. Nusu ingine, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa, iko kwa mwenye kutuma. Yeye anafunga furushi kwa namna inayomrahisishia kazi, na mzigo wa kulifungua anamuachia mtu wa Ndosho mwenye mega chache na mashini ya okazyo. Tena, kule kuhangaika kufungua ndiko kunaingiza hatari ambayo wengi hawaioni.

Tuanze na furushi lenyewe, ni kitu gani?

Fikiria mtu anayesafiri. Ana nguo kumi, anazikunja, anazikandamiza, anazitia ndani ya sako moja na kufunga zipu. Fishie iliyokandamizwa ni ile sako. Programu inatafuta mambo yanayorudiliwa ndani ya fishie, inayaandika mara moja tu, kisha inaweka alama pale yanaporudi. Maandishi yanakunjika vizuri sana, kwa sababu lugha inarudilia maneno. Tableau ya hesabu pia.

Lakini picha za simu (.jpg), muziki wa .mp3 na video hazipungui karibu hata kidogo, maana zilishakandamizwa siku zilipotengenezwa. PDF nyingi pia ni vile. Na hapa kuna jambo ambalo watu wachache wanalijua: hata fishie ya Word ya siku hizi, .docx, ni furushi la zip tayari, sawasawa na .xlsx ya Excel na .pptx ya PowerPoint. Kwa hiyo mtu anayechukua PDF tatu na Word mbili, akazifunga ndani ya .rar, akifikiri amewasaidia watu wa Goma kuokoa mega, hajaokoa kitu. Alichopata ni kutuma kitu kimoja pahali pa vitano. Ni faida, hatukatai, ila ni faida yake yeye.

Basi kwa nini kuna aina nyingi hivi? Kila moja ina baba yake. Zip ilitengenezwa na Mmarekani Phil Katz mwaka 1989, na namna ya kuiandika ikawekwa wazi kwa watu wote. Ndiyo sababu Windows inaifungua yenyewe, bila kuongeza programu yoyote, tangu Windows XP ya 2001. Rar ni ya Mrusi Eugene Roshal, ilitoka 1993, na programu yake WinRAR ni ya kuuzwa. 7z ni ya Mrusi mwengine, Igor Pavlov, ambaye alianza 7-Zip mwaka 1999 na anaitoa bure. Zile .tar.gz zinatoka kwa watu wanaotumia Linux, na zinawafikia zaidi wanafunzi wa informatiki.

Ukiangalia vizuri historia hiyo, jibu la nusu ya matatizo yetu liko ndani yake. Zip inafunguka kwenye kila mashini. Rar inadai kitu cha kuongeza. Anayechagua .rar kwa kutangaza kazi ao soko kwa watu wote, amechuja watu mbele hata ya kusoma dosie zao, na hakuwachuja kwa akili wala kwa ujuzi wa kazi.

Na tusisahau wakati tulio nao. Mwezi ule ule wa Januari 2025, serkali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na tarehe 1 Julai USAID ikafungwa rasmi. Mwaka 2024, Marekani ndiyo ilikuwa inalipa karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu katika inchi yetu. Miradi ilikufa, na watu waliokuwa na mikataba wakarudi nyumbani. Kazi zinazobaki kutangazwa, kwenye mediacongo.net ao katika magrupu ya WhatsApp, zinashindaniwa na watu wengi kupita mbele. Katika hali kama hiyo, siku mbili zilizopotea juu ya fishie isiyofunguka ni kitu kizito.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme dosie ya soko ina mega 60 ndani ya furushi moja: picha za uwanja, mipango, fomu, na kurasa nne tu zinazosema nani anaruhusiwa kushiriki. Mwenye kampuni ndogo ya Majengo atalipa mega zote 60 ili asome zile kurasa nne, na pengine ajue pale pale kwamba wanaomba uzoefu wa miaka asiokuwa nao. Kama kurasa nne zingekuwa PDF yake peke, angelipa chini ya mega moja.

Haya. Lakini kungoja wenye kutuma wabadilike kunaweza kuchukua muda mrefu, na fishie iko mbele yako leo. Kwa hiyo tueleze namna ya kuifungua.

Kitu cha kwanza ni kujua jina lake kamili. Windows ina tabia mbaya ya kuficha zile herufi za mwisho. Fungua folda yoyote, bonyeza "Affichage" juu kabisa, utafute "Extensions de noms de fichiers" na uiwekee alama. Kwenye Windows 11 inajificha chini ya "Affichage" kisha "Afficher". Ifanye mara moja tu, itabaki. Tutaona chini kwamba alama hiyo inasaidia pia kwa usalama wako.

Kitu cha pili ni programu. Kama mashini yako ni Windows 11 yenye kufanyiwa mise à jour, tangu mwisho wa mwaka 2023 inafungua .rar, .7z na .tar yenyewe. Wengi hawajui hili na bado wanatafuta programu. Kasoro ni kwamba haifungui zile zenye neno la siri. Lakini mashini nyingi za okazyo zinazouzwa hapa ziko na Windows 10 ao hata Windows 7. Hizo zinajua zip tu. Tena zote mbili zimekwisha kuachwa na Microsoft: Windows 7 tangu Januari 2020, Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa mashini hizo, chukua 7-Zip. Ni bure kabisa, haina matangazo, haiombi kulipa kesho, inaingia hata kwenye Windows 7, na uzito wake ni karibu mega moja na nusu, chini ya picha moja ya simu nzuri. Inafungua .zip, .rar, .7z, .tar, .gz, .xz, hata .iso. Anwani yake ni 7-zip.org, na kile kistari kati ya 7 na zip ni cha lazima. Usiichukue pahali pengine, hata kama pahali pale pana rangi nzuri na kifungo kikubwa cha kijani.

Ukishaiweka, bonyeza kuume juu ya fishie, nenda kwa 7-Zip, chagua kutoa vitu ndani ya folda yenye jina lile lile la fishie. Usichague kuvitoa pale pale ulipo, ikiwa hujui viko vingapi. Mtu anaweza kujikuta na fishie mia mbili juu ya biro ya mashini. Kwenye Windows 11 pengine 7-Zip haionekani mara moja, itakubidi kubonyeza mstari wa chini kabisa wenye kuonyesha chaguo zingine. Na kama ni .tar.gz, utafungua mara mbili: ya kwanza inatoa .tar, ya pili inatoa vitu vyenyewe. Ni mfuko ndani ya mfuko.

Na WinRAR? Watu wanaipenda, na inafanya kazi yake. Ina siku 40 za kujaribu, kisha inaanza kukuomba kulipa kila unapoifungua, lakini inaendelea kufungua fishie. Ndiyo maana inatushangaza kuona vijana wanatembea na WinRAR "iliyokrakiwa" ndani ya kle. Kwa kufungua .rar tu, 7-Zip inatosha na hakuna mtu utakayekuwa umemuibia. Ile krak yenyewe ndiyo mlango ambao virusi vinapenda.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo tatizo la Goma lina sura yake.

Mwaka 2013, WinRAR ilitoka na version 5, na pamoja nayo namna mpya ya kufunga .rar. Jina la mwisho halikubadilika, ni .rar ile ile. Lakini ndani ni tofauti, na WinRAR za zamani, zile za 3 na za 4 mwanzo, haziwezi kuisoma. Unapojaribu, zinasema kwamba fishie ni ya aina isiyojulikana ao imeharibika. Sasa, WinRAR inayozunguka katika mabirotike yetu inatoka wapi? Inatoka kwa kle ya rafiki, ambaye aliipata kwa kle ya mwengine, tangu miaka. Programu inazeeka na hakuna anayejua umri wake. Mteja analeta fishie nzima, iliyotumwa juzi, mashini inamuambia imeharibika, na yeye anaandikia ofisi kule Kinshasa waitume tena. Wanaituma tena. Inafika ile ile. Analipa mega mara ya pili, na jibu halibadiliki.

Kwa hiyo, mbele ya kusema fishie imekufa, angalia version ya programu. Katika WinRAR iko ndani ya "Aide", kwa 7-Zip vilevile. Kama unaona namba inayoanza na 3 ao 4 kwenye WinRAR, usiendelee kulaumu fishie.

Kuna pia fishie ambazo kweli hazikufika nzima. Umeme unakatika, rezo inaanguka, teleshajima inasimama kwenye asilimia 80, na wewe unabaki na kipande chenye jina kamili. Ukijaribu kukifungua, programu inasema furushi limeisha mbele ya wakati wake. Dawa yake ni kulinganisha uzito: bonyeza kuume, "Propriétés", uangalie idadi ya Ko ao Mo, kisha umuulize aliyetuma ya kwake ina ngapi. Kama hazilingani, hakuna programu duniani itakayokurudishia sehemu isiyofika. Vilevile fishie inayoishia na .crdownload ni ya Chrome ambayo haijamaliza kushuka. Kubadilisha jina lake hakusaidii.

Furushi kubwa pengine linakatwa vipande: .part1.rar, .part2.rar, ao .001, .002. Vyote vinapaswa kuwa ndani ya folda moja, na unafungua cha kwanza tu. Kikikosekana kimoja, kazi inasimama.

Na kuna mkasa mwingine unaowachekesha watu wa informatiki, lakini kwa mwanafunzi wa memware si kichekesho: umetuma kazi yako ya Word, diriktere wako anaipata kama .zip, anaifungua na anakuta folda za ajabu zenye fishie za .xml. Anakuandikia kwamba umetuma uchafu. Hukutuma uchafu. Tulisema juu kwamba .docx ni zip kwa ndani. Simu ao programu fulani ya e-mail imelitambua furushi na kulibadilishia jina. Mwambie kwa heshima afute .zip mwishoni aandike .docx. Itafunguka.

Je, kama fishie haina mwisho wowote, ao mwisho usiojulikana kabisa? Kuna ujanja wa zamani usiodai intaneti. Ikiwa fishie si nzito sana, ifungue kwa Bloc-notes, kwa kubonyeza kuume na "Ouvrir avec". Utaona herufi za vurugu. Usiogope, na usihifadhi kitu. Angalia tu herufi za kwanza kabisa. Ukiona PK, ni zip ao ndugu zake wa Word na Excel. PK ni herufi za majina ya yule Phil Katz. Ukiona Rar! ni rar. Ukiona 7z, jina linajieleza. Ukiona %PDF, ni PDF iliyopoteza jina lake. Na ukiona MZ, simama hapo hapo. Hiyo si hati, ni programu. Kama mtu aliituma akisema ni barua, ao liste ya waliokubaliwa kazi, basi amekudanganya.

Hapo tunafika kwenye hatari yenyewe.

Furushi linapendwa na wezi wa mitandao kwa sababu linaficha kilicho ndani. Mwaka 2023, kampuni ya usalama Group-IB iligundua kwamba tangu mwezi wa 4 wa mwaka ule kulikuwa na watu wanaotumia kasoro ya WinRAR: mtu anafungua furushi, anabonyeza picha ao maandishi ya kawaida kabisa, na kumbe nyuma yake programu mbaya inaamka. Kasoro ilifungwa na version 6.23 mwezi wa 8. Mwaka 2025 ikatokea ingine. Kampuni ESET iliiona mwezi wa 7, ikitumiwa na kundi linaloitwa RomCom, ambalo lilikuwa linatuma mafurushi ya .rar kwa makampuni ya Ulaya na Kanada. Na mafurushi yale yalijifanya nini? Yalijifanya CV za watu wanaotafuta kazi. WinRAR ilitoa dawa, version 7.13, tarehe 30 Julai 2025.

Wale hawakuwa wanatafuta mtu wa Goma. Lakini angalia chambo walichochagua: kazi. Mji wetu umejaa watu wanaofungua kila kitu chenye neno "kazi" ao "recrutement", na wale wanaopokea CV katika mashirika wanafungua mamia. Na jambo baya zaidi ni kwamba WinRAR haijisahihishi yenyewe. 7-Zip nayo ni vile vile. Nayo ilikuwa na kasoro iliyotumiwa dhidi ya watu wa Ukraine, ikafungwa na version 24.09 mwishoni mwa 2024. Dawa inatoka, lakini ni wewe unapaswa kuifuata. Kwa hiyo ile WinRAR ya kle tuliyosema, ya version 4 ao 5, ina matundu yote ya miaka hiyo, wazi kama nyumba bila mlango.

Kuna dalili mbili ambazo zinatosha kukufanya usite. Ya kwanza ni neno la siri lililoandikwa ndani ya ujumbe ule ule ulioleta furushi. Neno la siri linafanya antivirusi ishindwe kuangalia ndani. Ikiwa mtu amelifunga kwa siri na kukupa ufunguo pale pale, basi jiulize ile siri alikuwa anamficha nani. Kuna ofisi zenye nia njema zinazofanya hivyo kwa kulinda data, tunajua. Lakini ofisi yenye kulinda data kweli inatuma fishie kwa e-mail na neno la siri kwa simu. Dalili ya pili ni jina lenye mwisho mara mbili. Tuseme "Liste_retenus.pdf.exe". Windows ikificha herufi za mwisho, utaona .pdf tu, na pengine picha ya PDF. Ndiyo sababu tulikuomba kuweka ile alama ya "Extensions". Fishie yenye kuishia na .exe, .scr, .js, .lnk ao .bat, ikitoka ndani ya furushi la kazi ao la soko, usiiguse. Hakuna ONG inayotangaza kazi kwa .exe.

Watu wengine, kwa kuogopa kuweka programu, wanatumia mitandao inayofungua furushi moja kwa moja: unapandisha fishie, wanakurudishia vitu. Kwa kozi ya hesabu, hakuna shida, isipokuwa unalipa mega za kupandisha na za kushusha tena. Lakini usipandishe kule kadi ya uchaguzi, diploma, dosie ya hospitali, ao liste ya wakimbizi wa ndani. Hujui inakaa wapi.

Na usisahau siberi. Tunaongea juu ya mji ambamo jina la mtu, namba yake ya simu na pahali anapokaa vinaweza kumletea matatizo makubwa. Furushi linapofunguliwa siberi, vitu vinabaki. Fishie yenyewe iko ndani ya "Téléchargements", folda uliyotoa iko kando yake, na ukifungua hati moja moja bila kutoa furushi lote, nakala yake inaweza kubaki katika folda ya temp. Wewe unalipa, unatoka, na mteja anayekuja anakuta diploma yako, picha yako ya pasipoti, na pengine liste nzima ya watu waliosaidiwa katika kartie fulani. Wafanyakazi wa vyama vya raia na sisi waandishi wa habari tuna deni kubwa hapa, maana majina tunayobeba si yetu.

Kwa hiyo siberi, toa vitu moja kwa moja ndani ya kle yako, si kwenye mashini. Mbele ya kuondoka, fungua "Téléchargements", chagua vyako, bonyeza Maj pamoja na Suppr, ili visipite kwenye Corbeille. Toka kwenye e-mail yako na kwenye WhatsApp Web. Na kle ile, ukifika nyumbani, ipime na antivirusi mbele ya kuifungua.

Sasa turudi kwa wenye kutuma, maana hatukuwasahau. Mainiversite, mashirika, ofisi za serkali kule Beni na Kinshasa, na watawala walioko hapa: mkitangaza kitu kwa watu wote, tangazo lenyewe liwe PDF peke yake, nyepesi, nje ya furushi. Viambatanisho, kama ni vingi, viwe ndani ya .zip, si .rar wala .7z. Andikeni uzito wake kando ya jina, ili mtu ajue atalipa mega ngapi mbele ya kubonyeza. Kwa yule anayefunga kwa Windows, hakuna hata programu ya kutafuta: anachagua fishie, anabonyeza kuume, na kwenye Windows 10 iko ndani ya "Envoyer vers", Dossier compressé. Kazi ya sekunde kumi. Na maprofesere: kozi ya kurasa 80 isiyo na picha haina haja ya furushi lolote.

Vyama vya raia na vijana wa magrupu ya WhatsApp yanayosambaza matangazo wanaweza kusaidia pia. Mtu mmoja mwenye mashini nzuri akifungua .rar, atoe zile kurasa chache za lazima, azitume kama PDF kwa grupu, na kusema dosie nzima ina mega ngapi. Kuna magrupu ambayo yameanza kufanya hivyo, na wanachama wake hawalalamiki.

Bado tunapokea swali moja mara kwa mara: furushi lina neno la siri, aliyelifunga amelisahau ao hapatikani tena. Je, kuna mtu Goma anayeweza kulivunja? Kwa .rar na .7z za sasa, zenye neno refu, hapana. Zip za zamani zina kinga dhaifu, pengine mtaalamu anaweza. Anayekuomba dola mbele ya kazi akikuahidi kuvunja .7z kwa siku moja, mwache aende zake na umtafute aliyetuma, hata kama itadai kupiga simu mpaka Kisangani.